Ndege Bubu wa Mzee Mashine

Mzee Mashine alipostaafu kazi katika kiwanda cha unga, mkewe alimpokea mlangoni kwa vigelegele. Mwezi haujakwisha, vigelegele vimemkauka kooni, anatamani kiwanda kimwite mumewe tena hata kwenda kufagia pumba. Maana mzee huyu hakujua kukaa. Ukipika, anafunua sufuria. Ukifagia, anakuonyesha ulipobakisha. Ukiketi kushona, anasimama nyuma ya cherehani, kichwa upande, anaisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto.

"Hii inataka mafuta," anasema.

"Baba, hii haisagi mahindi," mkewe anamjibu, pini ziko mdomoni. "Iache ipumue."

Mke mwenyewe mtaa mzima ulimwita Bi Pindo. Alikuwa akishona sare za shule barazani kwake, na hakuna aliyepita mbele ya baraza hiyo pindo lake limefumuka akafika aendako kwa amani. Aliitwa palepale barabarani, akasimamishwa juu ya kigoda, akashonwa akiwa ndani ya nguo yake, na masimango juu. Watu walimpenda, ila walijiangalia miguuni kabla ya kukata kona.

Aliyemwokoa Bi Pindo ni mkwe wake, mume wa binti yao, ambaye riziki yake ni kupiga picha za harusi. Siku moja alikuja na kamera yake ya zamani ndani ya mfuko uliochanika, akamkabidhi mzee. "Baba, nimenunua nyingine. Hii chukua uchezee."

Picha ya kwanza ya Mzee Mashine ilikuwa ya dole gumba lake. Ya pili ilikuwa ya mkewe akipiga miayo, na hiyo alilazimishwa kuifuta. Ya tatu alimpata chozi, kale kandege kadogo ka kijani kinachometameta, mdomo umepinda kama sindano ya kushonea godoro, kametumbukiza kichwa ndani ya ua jekundu nyuma ya nyumba. Mzee aliitazama picha ile kwenye kioo cha kamera mpaka chai ikapoa. Kuanzia hapo sufuria zikapata amani.

Alijifunza upesi. Masikio ndiyo yaliyomfundisha. Kiwandani hawakumwita Mzee Mashine kwa ukubwa wa mwili, maana mwili wenyewe ulikuwa wa kuazima. Walimwita hivyo kwa sababu aliweza kusimama katikati ya kelele za kupasua kichwa, akafumba macho, akasema, "Jiwe la kule mwisho limelegea." Wakifungua, limelegea kweli. Sasa masikio hayo akayahamishia porini. Akajiunga na kikundi kidogo cha wapenda ndege: mkunga mmoja mstaafu mwenye darubini, na kinyozi wa pale njia panda, ambaye alifunga kibanda chake kila Jumamosi asubuhi na kuwaacha watu na ndevu zao. Walikwenda kwenye majani marefu nyuma ya matangi ya maji ya mji. Mkunga aliona, kinyozi alibeba, lakini aliyesikia ni Mzee Mashine. "Shhh. Chiriku. Kushoto, juu, nyuma ya tawi kavu." Wakigeuza lenzi, yuko pale, kifua mbele kama karani wa benki.

Alirudi nyumbani na matope magotini na furaha ya kijana aliyepewa jibu zuri. Bi Pindo alimcheka, lakini alizipanga picha zile ukutani juu ya cherehani, na wateja wake wakawa wanapimwa viuno huku wanahesabiwa ndege.

Mambo yalianza kwenda upande polepole, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

"Chozi wamepungua," mzee alisema asubuhi moja.

"Watarudi. Labda wamekwenda harusini."

Kisha chiriku wakapungua. Kisha wale wadogo wadogo wote wa kichakani, ambao Bi Pindo hakujua majina yao na kwake wote walikuwa wapiga kelele tu, nao mzee akasema wamehama. Wamebaki tetere na kunguru. Ikawa anakaa nyuma ya nyumba na kamera yake juu ya stendi ya miguu mitatu, ametega sikio, kama mtu aliyeahidiwa mgeni.

Siku hizohizo Bi Pindo aliona jambo jingine, na hilo lilimfurahisha. Mumewe alianza kumtazama mdomoni kila anaposema. Anaweka kazi chini, anamgeukia, anamtazama midomo bila kupepesa. Bi Pindo alidhani mapenzi yamerudi uzeeni. Alianza kuipaka midomo mafuta asubuhi, akajifungia kanga mpya, na alipoulizwa na shoga zake kulikoni, akawaambia, "Nyinyi endeleeni kulala na soksi."

Hata siku moja akawa anaanika nguo. Mzee ameketi chini ya kamba, ameshika shavu. Juu ya kamba, karibu aguse kofia yake, chozi dume ametua kati ya vibanio viwili, anapiga kelele kama kisu kinachonolewa. Kelele za kutia meno ganzi. Bi Pindo akasubiri mumewe arukie kamera.

"Sikia kulivyo kimya," mzee akasema.

Bi Pindo akacheka. Alidhani ni mzaha, na mumewe hakuwa mtu wa mzaha mara nyingi, kwa hiyo akacheka kwa nguvu ili kumtia moyo. Mzee akamtazama mdomoni.

"Unacheka nini, mama? Nyumba imekufa hii."

Shati likamponyoka Bi Pindo likaanguka mavumbini. Chozi akaruka, akaenda kupiga kelele kwenye kichaka. Mzee akainama, akaliokota shati, akalikung'uta, akampa.

Bi Pindo hakutaka kuamini. Alichukua simu yake, akatafuta ule mlio wa kuamshia ambao ni mwembamba kuliko yote, akaificha nyuma ya pazia la chumbani wakati mzee anafuta lenzi yake kwa kitambaa. Simu ikalia kama mbu aliyekanyagwa. Paka wa jirani akakimbia dirishani. Mzee akaendelea kufuta, anapuliza kidogo, anafuta tena. Bi Pindo akasimama pale mlangoni, ameshika pazia, na kwa muda hakujua aizime ile simu au aiache ilie.

Alijaribu kumwambia, na alijaribu kwa ujanja, kama alivyozoea kumwambia mteja mnene kwamba sketi imepungua kitambaa.

"Baba, twende hospitali wakatusafishe masikio. Nta. Uzee huu nta inajaa kama mshumaa."

"Wewe nenda. Mimi nikasafishwe nini?" Akagonga sikio lake kwa kidole. "Haya yamenilisha. Yamewalisha watoto wako. Ningekuwa na haya tu, bila macho, bila miguu, kiwanda kingeniajiri. Nikikosa haya, mama, mimi ni gunia."

Sasa mtu kama huyo utamwambiaje kwamba yeye ni gunia? Bi Pindo akafunga mdomo wake wenye mafuta.

Akafikiri afadhali mzee awaone ndege, basi, kama hawezi kuwasikia. Akachanganya maji na sukari, akamimina kwenye kifuniko chekundu cha chupa, akakifunga kichakani kwa uzi wa cherehani. Chozi walikuja kama wapangaji waliosikia kodi imefutwa. Mzee akiwa chooni, wanakuja. Mzee akiketi na kamera, wanakwenda. Bi Pindo akawa anawafokea ndege kwa kunong'ona. Mwishowe asubuhi moja chozi akatua mbele ya lenzi, akajaza kifua, akafunua mdomo na kuimba kwa koo lote. Mzee alibonyeza, akabonyeza, akabonyeza. Kisha akateremsha kamera, uso umemwiva kwa huzuni.

"Mama. Njoo uone msiba."

Akamwonyesha picha. Mdomo wazi, ulimi unaonekana, manyoya ya shingo yamesimama.

"Anaimba," Bi Pindo akasema, akidhani sasa ukweli umekuja wenyewe.

"Anataka kuimba. Hatoi sauti. Wamekuwa bubu!" Akageuka, akatazama ng'ambo ya ukuta, kule bomba jeusi lilikokuwa linapumua moshi. "Ni lile tanuri. Moshi umewakaba makoo."

Ng'ambo ya ukuta alikaa Mama Mkate, mwanamke aliyeachwa na mumewe akiwa na mimba ya pili, ambaye alijenga tanuri la matofali uani na kuoka mikate ya kuuza asubuhi. Alilijenga kipindi kilekile ndege walipozidi kumpungukia mzee. Kwa Mzee Mashine hesabu ilikuwa imekamilika. Bi Pindo akatumbua macho. Alimletea ndege ili amsaidie, ndege akamletea kesi.

Mzee alivaa koti lake la kiwandani akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akamweleza kwa adabu na kwa uchungu. Akamwonyesha picha. Mwenyekiti alikuwa mtu wa kupenda amani. Mzee aliyemzidi umri amesimama mbele yake macho yamelengwa machozi kwa ajili ya ndege. Akasema kamati itakuja kusikiliza, na kama ni kweli moshi unadhuru viumbe, tanuri litavunjwa.

Mama Mkate alikuja barazani siku hiyohiyo, unga mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Sikai. Mama, nimesikia baba anasema nimewanyonga ndege. Mimi nawasikia! Alfajiri nikikanda wananipigia kelele hata nawatupia ukoko wa mkate wanyamaze. Ni ndege gani hao waliokuwa bubu? Ni ndege wake peke yake?"

Bi Pindo akakata uzi kwa meno, akautema.

"Lile tanuri ndilo mume wangu sasa, mama. Likivunjwa mimi na wanangu tunakula matofali?"

"Niachie mimi," Bi Pindo akasema. "Nitazungumza naye."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye uwezo. Mama Mkate akaondoka ametulia, na utulivu ule ndio uliomchoma Bi Pindo, maana hakuwa na kitu mkononi.

Alijaribu wakati wa chakula. Alisema, "Baba, kuhusu ndege," na mzee akaweka kijiko chini, akamgeukia, akamtazama mdomoni kwa makini yote, kama mtoto anayengoja kusomewa. Hapo ndipo Bi Pindo alipofahamu. Hayakuwa mapenzi. Au yalikuwa mapenzi, lakini kazi yaliyokuwa yakifanya ni nyingine. Akasikia aibu ya yale mafuta ya midomo ikimpata.

"Kuhusu ndege nini?"

"Pilipili," akasema. "Nisogezee pilipili."

Alikwenda kwa mkunga. Mkunga hakushangaa hata kidogo. Alisema kinyozi naye anajua. Jumamosi nyingi sasa wanamwacha mzee atangulie, anasimama, anasema hakuna kitu hapa, nao wanaitikia, kweli mzee, hakuna kitu, huku kichaka kizima kinapiga kelele mbele yao.

"Na hamkumwambia?"

"Wewe mkewe umemwambia?"

Wakatazamana wanawake wawili, kila mmoja akitumaini mwenzake ana ulimi mrefu zaidi.

Kamati ilikuja alfajiri, kabla watu hawajakwenda kazini. Mwenyekiti alikuja na koti juu ya nguo ya kulalia. Mkunga na kinyozi waliitwa na mzee mwenyewe kama wajuzi. Mama Mkate alisimama karibu na ukuta, mikono imekunjwa, moshi wake unapanda nyuma yake bila aibu. Mzee Mashine alikuwa amepanga viti tangu kungali na giza, amevifuta umande. Akawaketisha. Akainua kidole.

"Sikilizeni wenyewe."

Walisikiliza. Na ndege asubuhi hiyo walikuwa kama wamelipwa. Chozi walikuwa wanapigana kichakani kwa vijembe vyembamba. Chiriku wamejaa juu ya bati. Kuna mwingine kwenye mlimao alikuwa anarudia neno lilelile bila kuchoka, kama mdai. Mwenyekiti ilimbidi asogeze kiti karibu ili asikie kinachosemwa.

"Mnasikia?" Mzee akauliza. "Tetere tu, kule mbali. Zamani, saa kama hii, usingesikia mtu akikuita."

Kinyozi alitazama viatu vyake. Hapo chozi dume akatoka kichakani, akaja kutua juu ya stendi ya kamera, akajaza kifua, akafunua mdomo na kuimba mbele ya kamati nzima.

"Huyo! Mtazameni!" Mzee alinong'ona kwa huruma. "Ona anavyohangaika. Anafungua mdomo, hamna kitu. Masikini wa watu."

Chozi akaimba mpaka akamaliza, akaanza upya.

Mwenyekiti akamtazama mzee, akamtazama ndege, akakohoa. "Ndiyo, mzee wetu," akasema. "Tumejionea." Kisha, bila kumtazama Mama Mkate, "Itabidi... nadhani itabidi hilo tanuri..."

"Mama!" Mama Mkate akalia. Hakumlilia mwenyekiti. Alimlilia Bi Pindo. "Mama, uliniambia nikuachie wewe!"

Wote wakamgeukia Bi Pindo. Mzee naye akamgeukia, akamtazama mdomoni.

Bi Pindo alitamani kuwe na mzaha hata mmoja wa kumwokoa. Haukuja. Alitamani ndege aruke. Hakuruka.

"Anaimba, baba," akasema. "Wote wanaimba. Hawajanyamaza hata siku moja."

Mzee alitabasamu kidogo, kama mtu anayengoja kumaliziwa kichekesho. Tabasamu likakaa pale bila kazi. Akamgeukia mkunga. Mkunga akatikisa kichwa kukubali. Akamgeukia kinyozi, naye akakubali, machozi yamemjaa. Akamgeukia mwenyekiti, aliyekuwa amesema tumejionea, na mwenyekiti akafunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, kuanzia juu.

Mzee akainama karibu na stendi, taratibu. Chozi hakumwogopa. Uso wake na mdomo ule wa sindano vikawa havijaachana hata kwa urefu wa mkono. Akalitazama lile koo dogo likitetemeka. Akageuza sikio moja, akageuza la pili.

"Tangu lini?" akauliza, bado ameinama.

"Kabla ya tanuri."

"Na ulikuwa unaniangalia tu."

Ndivyo Bi Pindo alivyokuwa akifanya.

Mzee aliinuka, akamwendea Mama Mkate pale ukutani, akavua kofia. "Binti yangu, nisamehe. Endelea na mikate yako." Mama Mkate, aliyekuja na maneno ya kutosha mitaa miwili, akayakosa yote, akamshika mzee mikono yote miwili akampaka unga. Kisha viti vikarudishwa ndani, na watu wakaondoka kwa kunyata kama watokao kwenye chumba cha mgonjwa.

Hospitali walikwenda baadaye. Daktari wa masikio alikuwa kijana mpole. Alisema kelele za mashine ndizo zilizoyala masikio yake, zimeyala kidogo kidogo miaka yote, zikianzia na sauti nyembamba. Kipo kifaa cha kuvaa, kitamsaidia kusikia watu wakisema.

"Na chozi?" Mzee akauliza.

Daktari hakuelewa. Bi Pindo akamweleza, akiwa amemshika mumewe goti. Daktari akasema, hapana, zile sauti za juu kabisa zimekwenda.

Kamera haikuuzwa wala haikufungiwa kabatini. Mzee anakaa nayo nyuma ya nyumba kama zamani, ila sasa Bi Pindo ameisogeza cherehani yake huko, na kila anaposikia kitu anaacha kushona na kunyoosha kidole. Mzee anafuata kidole, anabonyeza. Picha zinatoka nzuri. Mkunga anazisifu sana, zaidi ya zinavyostahili.

Siku moja chozi alipokuwa kichakani, mdomo wazi, mzee aliteremsha kamera.

"Anasemaje huyu leo? Nikumbushe."

Bi Pindo aliacha suruali ya mtu mapajani. Sauti yake ilikuwa nene, ya mwanamke aliyewaita watu barabarani maisha yake yote. Akajaribu.

"Huo ni mlango wa choo," mzee akasema.

Akajaribu tena, juu kidogo.

"Huyo bata." Mzee alikuwa anacheka sasa, mara ya kwanza tangu ile asubuhi. "Mwembamba, mama. Mwembamba zaidi. Uwe kama uzi."

Bi Pindo akacheka naye, akafuta midomo, akamsikiliza ndege vizuri. Kisha akabana meno, akapitisha pumzi kwenye mwanya, akaisukuma sauti juu, juu zaidi, nyembamba, mpaka ikafika palepale alipokuwa chozi. Ndege mwenyewe alinyamaza akageuza kichwa. Bi Pindo alikuwa ameupata ule mlio. Akamtazama mumewe kwa ushindi, huku bado anaimba.

Mzee alikuwa akimtazama mdomoni, ameinama mbele, anangoja.

"Mbona umenyamaza?" akauliza.